Birika la Mama Limetwangwa

Masukulu, Ijumaa

Mdogo wangu Atupele,

Hamjambo hapo nyumbani? Mama bado anadhani birika lake la udongo liko kabatini? Chonde, usimwambie kwamba nililivunja! Vigae vyote nilimfikishia yule bibi aliyelifinyanga zamani, nikitumaini ataviunga. Yeye kavitia kwenye kinu, kavitwanga mpaka vikawa unga. Nusura nilie. "Mwanangu, unga huu ndio unaozuia udongo mpya usipasuke," akaniambia, akafinyanga birika jingine na vikombe sita. Kazi yenyewe alikuwa ameshaiacha, maana siku hizi maduka ya Tukuyu yamejaa chupa za chai kutoka nje.

Leo tunachoma kwa kuni, na mvua ya huku haina adabu. Tumeukinga moto kwa bati tangu asubuhi, roho juu. Sasa hivi ndani kumelia pa! Chombo kimoja kimepasuka, na hatufunui mpaka majivu yapoe.

Mkumbatie mama, mpe chai ya kwenye chupa. Nimemuuliza bibi kama kilichopasuka ni birika. Naona anaosha kinu.

Dada yako,
Neema