Mukewenza Anaomba Damu Yangu Tena

Mama Estelle mupendwa wa redio, ninakuandikia toka hapa Kasongo, unisaidie, sababu wivu unanimaliza na sina mutu wa kumwambia. Mimi ni bibi mukubwa wa Amuri, anayeuzia wachimbaji nguo kule Salamabila, na ni kule alimuona mwanamuke anaitwa Binti, akamuoa, akamuleta tukae uwanja mumoja, kila mutu na nyumba yake, na toka pale mimi nikawa kama mugeni kwangu. Mwaka jana Binti alizaa kwa kupasuliwa, damu ikamutoka sana, munganga wa hospitali akakuja mbio akauliza, "Nani iko hapa wa kumupa damu?" Ya Amuri haikufaa, mama ya Binti alikuwa mbali Wamaza, na mimi nilisimama pale na wivu wangu wote tumboni, nikasikia kinywa changu kinasema, "Munipime mimi." Sikufikiri hata kidogo. Ikafaa, wakamupa, akapona yeye na mutoto, na Amuri akamukumbatia akilia, mimi akaniambia tu, "Nenda upumzike." Sasa analala kwa Binti kila siku, anasema Mungu amemurudishia bibi. Na mimi je?

Kamaldine, mudogo wa bwana yangu, aliyesoma université, aliniuliza, "Shemeji, ulimupa kwa sababu gani? Si ndugu yako, humupendi, hakuna sheria iliyokulazimisha. Kitu kisicho na sababu ni ujinga." Nikatafuta sababu, nikakosa.

Sasa munganga anasema kidonda cha ndani hakikupona, atamupasua tena wiki ijayo, wananiomba damu. Sijajibu. Ninapita kwa mulango wake, ninasikia Amuri anamuchekesha, moyo unasema: mumuache afe. Kisha ninatetemeka. Unipe sababu moja tu, ao uniambie nikatae.

Djamila

Pole sana, Djamila. Sasa nisikilize, maana nitakugombeza.

Sababu sina, wala huihitaji. Uliona mtu anakufa, ukajua asiachwe afe. Ulijua ukiwa umejaa wivu, kwa hiyo si mapenzi yaliyokuambia. Mwulize Kamaldine kwa nini mtu asichinjwe akiwa amelala. Akianza kutafuta sababu, hama nyumba hiyo! Mambo mengine tunayaelewa kwa kuelezwa. Hili tunalijua, na mengine yote yanasimama juu yake. Ndiyo maana ulitetemeka.

Lakini umechanganya mambo mawili. Binti kuishi ni jambo moja. Amuri kukudhulumu ni jambo lingine, nalo liko wazi vilevile. Unamkasirikia mgonjwa, na mwanaume mzima mwenye nguvu zake unamwacha acheke! Umeshamwambia neno? Hujamwambia. Umemwandikia mtu wa redio.

Nenda hospitali. Wakupime kwanza kama afya yako inaruhusu, kisha toa damu. Usiitoe ili upendwe, haitakurudishia mume. Binti akipata nafuu, mwite Amuri mbele ya baba yake na imamu aliyewafungisha ndoa, useme, "Nataka zamu yangu." Sema bila kulia, na habari ya damu usiitaje kabisa: zamu ni haki yako hata kama usingempa Binti tone moja. Akikataa mbele yao, rudi kwa mama yako, aje akufuate huko.

Wivu hautakwisha kesho, sikudanganyi. Utakwenda nao, na utafanya unalolijua.