Chai Isiyo na Sukari Huko Norfolk

Saluni kwa Clara,
Durban mjini,
Afrika Kusini.
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa dada yangu Julienne,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya Durban, ambayo nyinyi huko Uingereza mngeiita kiangazi mkavua mashati. Hujambo? Shemeji Pontien naye, mgongo umeacha kumsumbua? Na Kaneza, mitihani imekwisha? Mwambie shangazi, ah, mwambie mama yake mdogo anamwombea. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haijatulia, na sababu unaijua. Usijifanye huijui.

Nilifika salama. Ile jamu uliyonifungia ilipasuka njiani ikamwagikia gauni langu la kanisani. Biskuti ziko, tumezila.

Ningekutumia sauti kwenye simu, lakini wewe ukisikia naanza kulalamika unanijibu kwa picha ya maua. Barua hii huwezi kuijibu kwa ua. Kaa chini uisome yote, na usiinuke kwenda kuchemsha maji.

Siku niliyorudi kazini, Clara hakuningoja hata nivue koti. "Haya, dada yako amesema lini?" Mashine zote za kukaushia nywele zikazimwa. Unajua Clara, mwanamke wa Bukavu, jambo la mtu kwake ni jambo la wote. Nikatoa simu nikaanza kuwaonyesha picha. Kanisa. Kinu cha upepo. Matope. Kanisa tena. Clara akazipitia zote, kisha akasema, "Ineza, ulikwenda kuomba tarehe au ulikwenda kuhesabu makanisa?"

Walicheka mpaka wateja. Hardy, mchumba wangu, hakucheka. Alikuwa amefunga duka lake la simu, Jumatatu asubuhi, ili aje asikie mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele akaitazama ile picha ya sili, yule mnyama wa baharini aliyelala kwenye mchanga kama gunia, akaniuliza, "Huyu ndiye atakayetuozesha?"

Dada, mimi nimjibu nini? Hardy ni Mkongomani, mila zetu amezipokea kwa heshima tu. Alielewa kwamba kwetu mtoto haolewi kabla familia haijaganduka, matanga ya mzazi yakaondolewa rasmi, watoto wote wakiwepo. Akasema sawa, nitasubiri. Lakini baba ana mwaka wa tatu kaburini! Wazee wa Hardy kule Uvira sasa wanauliza kama Warundi huwa wanaomboleza mpaka Yesu arudi. Na anayesubiriwa ni mtu mmoja. Ezéchiel yuko Bujumbura, mimi niko tayari kupanda ndege hata kesho, mama bado amevaa kile kitenge cha matanga ambacho kimepauka hata rangi haijulikani. Mzaliwa wa kwanza ndiye hapatikani. Ukipigiwa, uko zamu. Ukiandikiwa, kesho. Ndiyo maana nikasema acha nimfuate mwenyewe kwake, atanikimbia aende wapi?

Kumbe pako mahali pa kukimbilia. Mkoa mzima wa Norfolk!

Nakuandikia safari zetu hizi ingawa ulikuwepo, maana nataka uzione kwa macho yangu. Siku ya kwanza nilijiambia, mwache, kesho tutaongea. Kesho yake, kabla sijamaliza kupiga mswaki, gari linanguruma nje. Nikaingia kiti cha mbele. Umekisukuma nyuma mpaka mwisho, miguu yangu haigusi chini, inaning'inia kama ya mtoto. Nikataka kukirudisha mbele, ukanipiga mkono. Halafu blanketi kwenye magoti. Mwezi wa sita! Wazungu wanapita na kaptura, mimi nimefunikwa blanketi. Wenzangu wakiwa wageni siku ya tatu wanapewa jembe, mimi nilipewa blanketi.

Ukanipeleka kwenye lile kanisa kuu la Norwich. Ni zuri, sikatai, paa lake liko juu mpaka shingo inauma. Lakini kila hatua chache, "Kaa hapa kidogo." Benchi hili, kaa. Benchi lile, kaa. Dada, mimi nasuka vichwa vya watu kuanzia asubuhi mpaka jua linazama nikiwa nimesimama. Nani alikuambia nimechoka? Nikakaa, nikasema, basi na tuongee hapa hapa, kuhusu kuganduka. Ukaninyooshea kidole kwenye dirisha la vioo vya rangi.

Siku iliyofuata, Cromer, lile gati la mbao linaloingia baharini. Kwenye ngazi ukanishika kiwiko. Halafu vyoo! Kila tulipopita choo, "Nenda, mbele hakuna." Nikikuambia sina haja, "Nenda hivyo hivyo." Mama mmoja wa Kizungu alinitazama kwa huruma, nadhani alidhani nina ugonjwa.

Chakula nacho. Watu wote pale wanakula samaki na chipsi, harufu inaniua. Wewe unafungua hotpoti: wali, maharage na ndagala. Dagaa wa ziwa letu la Tanganyika, sijui unawapata wapi huko! Mbwa wa watu walianza kutuzunguka. Na ile chai, dada. Chai haina hata chembe ya sukari. Nikauliza, sukari imesahaulika? Ukasema, "Haifai." Haifai kwa nani? Nikainywa kama dawa ya minyoo. Kila siku, kila mahali, chai ile ile.

Kwenye mashua ya kwenda kuwatazama sili ulizungumza na nahodha mpaka akamhamisha kijana wa watu ili mimi nikae nyuma, pasipotikisika. Na kwenye kinu cha upepo ndipo nilipotaka kulia kweli. Nilitaka kupanda! Nimetoka Afrika mpaka pale, mlango uko wazi, watoto wadogo wanapanda. "Ngazi ni nyingi, wewe kaa." Ukaniacha chini kwenye benchi, ukapanda peke yako, ukashuka unahema, ukaanza kunisimulia: kushoto kuna mto, kulia kuna ng'ombe, mbele ni tambarare mpaka baharini. Unanisimulia kama kipofu! Macho ninayo, Julienne!

Nilijituliza kwa kujiambia ni kazi. Nilisema, dada yangu ameshinda na wazee wa Kiingereza kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee mpaka sasa kila mtu kwake ni mzee. Mpishi wa shule hata akipika nyumbani anajaza sufuria la shule.

Lakini siku ya mwisho subira iliniishia. Mvua, bahari haionekani, sisi tumeegesha gari mbele ya ufuko, waipa zinapiga huku na huku. Nikakuambia waziwazi, nataka tarehe, baba amekufa. Ukasema, "Bado sehemu moja tu, tungoje mvua ikatike." Nikapiga kelele, najua nilipiga kelele, kwamba sikuja kutalii. Ukawasha gari, ukageuza. Ukanipeleka moja kwa moja uwanja wa ndege. Ulinikumbatia kwa mkono mmoja.

Haraka haraka haina baraka, tunasema hivyo tangu utoto. Lakini polepole yako wewe haina hata harusi.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nikampigia mama kumshtakia. Ezéchiel alimshikia simu. Nikaanza kumweleza, kwa hasira zangu zote. Mama alicheka! Alicheka blanketi, akacheka ndagala na mbwa wa watu, nikasikia na Ezéchiel anacheka pembeni. Nilipofika kwenye chai, akaacha kucheka.

Akaniuliza, "Kiti alikisukuma nyuma?" Nikasema ndiyo. "Na kinu hukupanda." Nikasema mama, nani amekuambia? Akaanza kuhesabu kwa sauti ya taratibu: kanisa la Norwich, gati, mashua, kinu. Kwa mpango ule ule, na mimi mpango sikuwa nimemtajia.

"Ineza," akasema, "hiyo haikuwa safari yako. Hiyo ni ya baba yako."

Ndipo akanieleza. Kwamba kabla baba hajafa viza yake ilikuwa imetoka, hilo nililijua. Nisilolijua ni zile Jumapili zenu. Kwamba ulikuwa unampigia kila Jumapili mnapanga, na yeye anakuuliza kama mwanafunzi: nitakaa wapi nikichoka? Choo kiko wapi? Mkate wao siuwezi, nitakula nini? Miguu yangu mirefu, gari lako litanitosha? Na wewe unamjibu moja moja. Benchi zipo. Vyoo vipo. Nitakupikia. Kiti nitakisukuma mpaka mwisho. Kinu nitapanda mimi, macho yako hayaoni mbali, nitakusimulia. Na sukari uliyokatazwa, baba, hata huku hupati. Mama anasema baba alikuwa analala na furaha kama bwana harusi. Viatu vya safari bado viko uvunguni, hakuvivaa.

Nikamuuliza mama, na ile sehemu ya mwisho? Akasema, "Bahari. Alitaka kuingiza miguu aone kama kweli ina baridi kuliko Tanganyika."

Na mimi ndiye niliyekupigia kelele kwenye mvua.

Lakini sikuombi radhi kwanza, nakugombeza kwanza! Eish, Julienne! Kwa nini hukusema? Neno moja tu! Ningekaa kwenye kila benchi. Ningeingia kila choo cha Norfolk. Chai ile ningeinywa na kuomba kikombe cha pili. Yule ni baba yangu pia, mimi ndiye niliyekuwa namkata kucha za miguu kabla sijaja huku. Ulinikalisha kwenye kiti chake ukaninyima kuniambia ni cha nani. Ulimtembeza baba peke yako, na mimi niko pale pale, nalalamikia sukari. Hilo limeniuma kuliko hata harusi.

Nimelia, nimekasirika, nimelia tena. Clara amenifukuza saluni mara mbili, anasema machozi yanaingia kwenye nywele za wateja.

Sasa nasema ninalolijua. Hukumzika. Sisi tulitupa udongo, tukasikia ule mlio wake, wewe ulikuwa unaangalia kwenye simu na mtandao ukakatika. Unaogopa kwamba tukishaganduka hutakuwa na mtu wa kumsukumia kiti. Nimekuelewa, dada. Lakini mama naye yupo. Baba mdogo Bizimana amesema wazi: iwe Desemba, na asipokuja mkubwa tufanye bila yeye. Mama amekataa. Amesema bila Julienne hakivui kile kitenge, hata azikwe nacho. Na anaweza, unamjua mama.

Jana Hardy alinipeleka ufukweni hapa Durban. Nilimwambia tu, nipeleke, usiniulize. Kila robot, hizi taa za barabarani, ilitusimamisha, na upepo ulikuwa mkali. Nilivua viatu nikaingia. Wimbi la kwanza likanifika kiunoni, sketi yote maji, Hardy anacheka badala ya kunisaidia. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Si baridi sana kuliko Tanganyika, dada. Kidogo tu. Nimemwambia baba hivyo, kwa sauti, watu wakinitazama. Najua si bahari yenu, lakini maji ni maji, na ile sehemu yenu ya mwisho sasa imefikiwa. Baba ametembea kote ulikomwahidi, umemtunza vizuri, hakuchoka, hakulala njaa. Safari yake imekwisha.

Desemba, dada, mrudishe nyumbani.

Msalimie sana shemeji Pontien na umkabidhi Kaneza busu langu. Clara anakusalimu, anasema kichwa chako atakisuka bure ukipitia Durban. Hardy anasema shikamoo shemeji, na kwamba yule sili amemsamehe. Ezéchiel anakungoja uwanja wa ndege. Mungu akulinde zamu zako zote, akupe moyo wa kupanda ndege hiyo. Na siku nitakayokuja huko tena na mume wangu, kinu nitapanda mwenyewe, na chai yangu utaitia sukari.

Mdogo wako anayekupenda hata akiwa amenuna,

Ineza