Udongo Tulioufufua Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Mwenye shamba amekuja leo. Tangu tukodi kwake, mimi na wifi, hajawahi kukanyaga. Leo ameingia hadi katikati ya maharage, akainama, akachota udongo, akaunusa. Akauuliza mkono wake mwenyewe — eti huu ni udongo wangu?

Wifi kwa furaha akamweleza yote. Mboji, samadi ya mbuzi, nyasi za kufunika, mitaro ya kuzuia maji yasitoroke na udongo. Akafukua hadi minyoo amwonyeshe. Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze. Mtu asiyejua jembe lako akiwahi mavuno, jiulize.

Aliondoka bila kuaga.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi haba. Nimekumbuka shamba lilivyokuwa — jekundu, gumu, limepasuka kama kisigino. Watu walitucheka, wakasema hata magugu yamelihama. Lakini maskini hachagui. Baba watoto alikuwa ameanguka kutoka kwenye jengo, mgongo ukaharibika. Dada yake, huyu wifi yangu, ameachika, ana watoto watatu. Mavuno ya kwanza tuligawana kwa kikombe. Sasa watoto wa nyumba zote mbili wanakula wakashiba, na mboga tunapeleka sokoni. Hatujawahi kuweka mpaka kati yetu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilijua!

Amekuja nyumbani, si shambani. Na amevizia wifi yuko sokoni. Baba watoto akampa kiti. Akaanza mbali — mvua, afya, mgongo. Kisha akatua: maharage yakivunwa, anachukua shamba lake. Mpwa wake anataka kulima vitunguu. Nikamkumbusha tulikubaliana misimu sita, na hii ni ya nne. Akasema hayo yalikuwa maneno ya mdomo, na mdomo hauna mhuri.

Masikio yaliniwaka. Akaona. Akapuliza pale alipouma.

"Wewe mama utabaki. Chukua nusu ya juu, ulime miaka yote utakayo. Umfundishe mpwa wangu hiyo mboji yenu. Ila wifi yako simtaki, ana mdomo. Na usimwambie mpaka mvune."

Nusu ya juu! Mitaro yote ya huko aliichimba wifi, mtoto mgongoni.

Anarudi Jumatatu kuchukua jibu.

Ijumaa, 7 Machi

Baba watoto anasema tukubali. Amesema polepole, macho chini. Nikamwambia ni dada yako wa tumbo moja. Akasema anajua. Akasema watoto wa dada yake watakula kwetu. Nikamuuliza, watakula kama nani — wageni? Akageukia ukutani. Sijui ni mgongo uliomuuma au ni uso aliouficha.

Kibaya ni kwamba hata mimi nimelifikiria. Nimejiona kule juu peke yangu, mboga zangu, chungu changu kimejaa. Nimeona, na sikufumba macho haraka.

Shambani wifi akauliza mbona nimenuna. Nikasema kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kutisha. Tumekimbilia shambani. Jirani wa bonde maji yamemzolea kila kitu, mbegu na mbolea, amebaki na mawe. Kwetu maji yameingia mitaroni yakatulia kama ng'ombe zizini.

Ila mtaro mmoja wa juu ulikuwa umeanza kumeguka. Wifi akaingia na jembe, matope magotini, akauziba kwa mawe na nyasi. Nikamsaidia. Nikashindwa kuficha zaidi. Nikamwambia yote, hadi kile chungu nilichokiona nikiwa peke yangu.

Hakuacha kuchimba. Akasema anajua tangu Ijumaa. Kaka yake alimpigia simu, akashindwa kumaliza sentensi, akalia.

Nikamuuliza, sasa mbona unaziba mtaro wa watu?

"Si wa watu, ni wako. Chukua hiyo nusu, wifi. Tukikosa wote, nani atamlisha mwenzake?"

Hakuna tusi lingeniuma hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja mapema. Hakukaa. Akauliza, vipi mama?

Nikamwambia nusu sitaki. Nikamwambia mpwa wake alete vitunguu vyake, udongo utampa msimu mmoja, wa pili utaanza kumdai. Mboji naijua. Mitaro siijui — anayejua maji yanapita wapi ni wifi, na mvua ya jana jirani wa bonde atakusimulia. Ukitutaka, tutake wawili. Hututaki, tutavuna tuondoke wawili.

Nikadhani atanifokea. Akauliza wifi yuko wapi. Shambani, nikasema. Akatoka, anaelekea huko, hatua za mtu mwenye hasira au mwenye haraka — kwa nyuma huwezi kujua.

Na wifi ana mdomo kweli. Mungu wangu.

Naandika nimesimama. Baba watoto ameinuka kitandani. Nimemwambia alale, ule mlima wa kwenda shambani atauweza wapi? Tangu aanguke hajafika shambani. Ameshika ukuta, sasa ameshika mlango. Anasema yule ni dada yake, nimpe bega tu.