Uweso na Figa la Chuma

Mwaka umekwisha, Uweso, tangu ulipotoka hapa Nguvumali na mwiko wako begani kwenda kupika pilau ya harusi, ukarudishwa kwenye jeneza.

Ulikuwa mpishi wa shughuli, ila watu walikufuata na kwa hadithi zako. Sufuria ikitokota, ulisimulia vita vya Mjerumani na Mwingereza hapahapa Tanga. Manowari imesimama baharini, mkubwa wa Kiingereza akashuka na bendera nyeupe kudai mji, akauliza na kama bandarini mna mabomu. Mkubwa wa Kijerumani akamwambia subiri, nakuja. Hakurudi. Kumbe kaenda kuita askari, na treni ikawashusha. Mama yako aliisikia mara nyingi, na kila mara ilimshangaza.

Siku ile ya harusi figa la tatu lilikosekana. Vijana wakaviringisha chuma kizito, kimejaa udongo, walichokichimbua kwenye msingi wa nyumba ya jirani. Mkateleka. Moto ulipokolea, udongo ukabanduka, ukaona mkanda wa shaba, kama wa kombora la manowari.

Manase, aliyekuwa akikukatia nyama, anasema uliinama ukautazama. Kisha ukawaambia wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu, kwa sauti yako ya siku zote: "Dada zangu, bwana harusi yuko barabarani, na kule hapana hata mmoja wa kumpigia kigelegele. Aibu hiyo."

Wakatoka mbio wakicheka, mmoja akikutania kuwa pilau ikiungua usije ukawasingizia wao. Manase ukamtuma amtoe biharusi, aliyekuwa akisingwa manukato chumba cha nyuma, ukuta mmoja tu na jiko. Wewe ukabaki unavuta kuni nje, moto upungue.

Barabarani hapakuwa na bwana harusi. Walipogeuka kukuuliza, ndipo chuma kikalipuka.

Biharusi yuko hai. Wote wako hai.

Mama yako mpaka leo anastaajabu. Chuma kimetupwa babu yake hajazaliwa, kimelala chini mvua zote hizo, na hasira yake haijapoa. Leo redio inatuambia vita vinapiganwa kwa ndege zisizo na mtu ndani, na wakubwa wanakaa mezani kusuluhishana. Watapeana mikono, wataondoka. Chuma hakipewi habari. Mtoto wa nani atakuja kuteleka juu yake?

Akina mama wenzetu, chuma msichokijua msikigonge, msikiuze, msikisogeze motoni. Ondoeni watoto, waiteni polisi. Mama yako sasa akiingia shughulini huinama kutazama mafiga kabla hajaamkia watu. Wanamcheka. Na wacheke.

Unakumbukwa na mama yako Semeni, mkeo Sabra na wanao, kaka yako Sele, rafiki yako Manase, na wale wanawake wa vitunguu, ambao hitima yako waliipika wenyewe, juu ya mawe matatu.

Maadamu tunapumua, Uweso, husahauliki.