Treni Mpya Haihitaji Maji

Fort Ternan, Alhamisi, 14 Machi 1974

Haikusimama. Nilijua haitasimama, maana injini ya dizeli hainywi maji kama zile za mvuke, lakini nilikuwa nimejaza tangi la stesheni tangu asubuhi. Miaka kumi na moja kazi yangu ni hiyo pampu.

Mke wangu Tapsubei alikuwa kando ya reli na birika zake mbili za chai, kama kila siku. Abiria walimpungia mkono wakapita. Nilifikiri atakasirika. Aliuliza tu, "Baba Chebet, sasa hawa watakunywa chai wapi?"

Saa nane stesheni masta aliniita. Pampu itafungwa mwisho wa mwezi. Nichague: kupakia mizigo Kisumu au kwenda nyumbani. Aliongea kwa upole, hata akaniita mzee. Upole huo ndio ulioniudhi zaidi. Kupakia mizigo, na mgongo huu...

Jioni akina mama walikuja na mitungi, kwa sababu mto umebaki matope. Amri ni kwamba maji ya tangi ni ya injini peke yake. Miaka yote nimewafukuza, hata shangazi yangu. Leo nimewafungulia bomba.

Masta alitoka ofisini akasimama, akatazama ile foleni. Nikangoja aseme.

"Wape mpaka yaishe," alisema, halafu akaenda kuchukua ndoo yake.