Springi Mpya za Pikapu Yangu

Shoga uko wapi? Mbona hupokei? Basi nakuandikia.

Niko gereji na kitindamimba wangu. Unaijua pikapu yangu, siku hizi ikiingia kwenye shimo mgongo wote unalia. Fundi kaipandisha juu, kafungua magurudumu, kakuta springi ya nyuma imekatika na shokapu zote zinavuja mafuta. Mimi nimekaa pembeni kwenye kiti kibovu cha gari, mtandio usoni kwa ajili ya jua. Wakadhani nimelala.

Fundi akauliza, "Tufunge mpya, au hizi nilizotoa kwenye gari bovu?"

Mwanangu akajibu, "Weka hizo hizo kuukuu. Mpya za nini? Huyu bibi mwenyewe hazimalizi."

Hazimalizi! Mimi niliyemzaa! Na fundi akacheka, shoga, akacheka mpaka spana ikamdondoka.

Mwanangu akaongeza, "Akishazikwa tu, hii naiuza, na nyumba naipangisha."

Nyumba yangu! Anayolala yeye, mkewe na watoto wao, chai ya asubuhi nawapikia mimi!

Nilisubiri wamalize kucheka, nikavuta mtandio taratibu, nikasema, "Fundi, funga mpya. Zile ngumu za kubebea mzigo."

Kitindamimba akaganda. "Mama... mzigo gani tena?"

"Kitanda chako, kabati lako na mkeo. Mnahama leo. Wajukuu nabaki nao."

Sasa hivi kapiga magoti kwenye oili, analia. Nimemwambia fundi aharakishe.