Gervas Alikuwa Hewani

Mbinga, Jumanne jioni

Nimerudi sasa hivi kutoka kituo chetu cha simu.

Tangu mashine ya kukoboa kahawa jirani na kituo ianze kazi, wiki tatu sasa, redio yetu ya simu inanguruma tu. Kila saa nne asubuhi Gervas wa kituo cha ziwani hutuma nukta na vistari vyake vya Morse. Taratibu ni yeye aanze, mimi nijibu. Nilisikiliza, nikasikia ngurumo, nikaandika daftarini: "Kimya." Ijumaa nikamwandikia mkuu wetu Songea kwamba Gervas ni mtoro kazini. Nilitumia neno hilohilo. Nilijiona mzalendo.

Leo, karibu saa nne, fundi wa redio ameleta kisanduku anachokiita chujio.

"Kinapitisha mlio mmoja tu, ndugu. Mingine yote kinaizuia."

Sikumwamini. Akakichomeka, akazungusha kitufe polepole. Ngurumo ikafifia mpaka ikazama, ukabaki mlio mmoja mwembamba kama wa mbu.

Gervas. Naujua mkono wake, vistari vyake huvutika mno.

Nilijibu. Akatuma: "Mungu ashukuriwe, kaka. Nakuita kila siku. Jumapili nilimwomba Padre akutaje kwenye misa. Nilidhani umekufa."

Fundi akauliza anasemaje. Nikamwambia anasalimia tu.

Barua yangu ilipanda basi la Jumamosi. Gervas sijamwambia, mkuu sijampigia.

Kesho saa nne ataniita tena, na safari hii nitamsikia vizuri kabisa.